Shubiri na Mlango wa Kufuli

Abiria wengi aliowasukuma hawakuwahi kuuona uso wake sawasawa. Walichokijua ni sauti iliyotoka nyuma ya visogo vyao: "Pisha! Pisha hapo! Wewe kaka, umeota mizizi?" Na watu walipisha. Walipisha wenye suti, walipisha walinzi, na hata mbwa mmoja mzee aliyezoea kulala mlangoni, akisikia magurudumu yanakuja, aliinuka mwenyewe na kusogea.

Wenzake walimwita Shubiri kwa uchungu wa ulimi wake, naye alilipokea jina hilo kama mtu aliyepewa cheo. Kazi yake ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu katika kiwanja kidogo cha ndege, chenye njia moja ya kurukia na kumbi mbili zilizotenganishwa na ukuta mmoja: huku wanaingia, kule wanaondoka. Kabla ya hapo alikuwa na kibanda cha chai nje ya geti. Uzio wa kiwanja uliposogezwa mbele, kibanda kikaliwa na tingatinga, na yeye akatupiwa kazi ya viti ili anyamaze. Kazi aliichukua. Kunyamaza ndiko kulikomshinda.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa na upole uliopitiliza. Hakuweza kumfukuza hata kuku aliyeingia jikoni. Kila mkewe aliporudi ametuna, alimwambia, "Mama watoto, hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata," Shubiri alijibu huku akivua viatu. "Niachie hasira yangu angalau."

Na kilichomkasirisha, mwaka nenda mwaka rudi, kilikuwa mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa katikati ya ule ukuta. Wajenzi waliuweka kwa ajili ya watu wanaoshuka kwenye ndege ndogo za kutoka bara na kuunganisha na ndege kubwa ya mchana iendayo mji mkuu. Ukishuka, unapita mlangoni, unakaguliwa upande wa pili, umefika. Juu yake palikuwa na kibao: Abiria Wanaounganisha. Chini ya maneno palichorwa mshale, na mshale huo ulielekeza kwenye kufuli kubwa kama ngumi ya mtu mzima.

Kufuli liliwekwa na meneja. Huyu alihamishiwa pale kutoka ofisi fulani ya mbali, akaja na msemo mmoja ambao ulimzalia jina kabla hajamaliza hata wiki. Ukimwomba kitu, "Utaratibu ni utaratibu." Ukimsalimia vibaya, "Utaratibu ni utaratibu." Watu wakamwita Bwana Utaratibu. Yeye aliamua kwamba wasafiri wote waingie kwa mlango wa mbele, wawe wametoka nyumbani au wameshuka angani. Kwa hiyo mtu wa kuunganisha alitolewa nje, akazungushwa jengo zima, akapita maegesho ya magari na kokoto zinazomeza magurudumu, akajipanga foleni upya na waliokuja na shangazi zao kuwasindikiza. Na kijia kifupi kilichokuwa nyuma ya mlango kikawa stoo ya mazulia na viti vya kukalia wakubwa wakitembelea kiwanja.

"Bosi," Shubiri alimwambia siku moja, "wazee wananikwamia kwenye kokoto. Fungua mlango."

"Utaratibu ni utaratibu."

"Utaratibu huo umezaliwa juzi. Mimi nilikuwepo kabla haujaota meno."

Bwana Utaratibu alimwangalia kama mtu anayeangalia bomba linalovuja, akaenda zake. Watu wakaendelea kuachwa. Siku hii mfanyabiashara, siku ile mwanafunzi, wakilalamika, wakilala kwenye viti vya plastiki, wakiondoka kesho yake. Shubiri alikasirika kwa niaba yao wote, nao wakasahau. Yeye hakusahau.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Ndege ya bara ilichelewa, na ilipotua, ile kubwa ilikuwa tayari inapakia watu. Abiria wengine walishuka wakiwa na safari za hapohapo mjini. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, akishuka kinyumenyume kama mtu anayetoka darini, magoti yakimkatalia kila ngazi. Mkononi alikuwa na mfuko mmoja wa nguo.

"Shikamoo, mama," Shubiri alisema akimkalisha kitini.

"Marahaba, mwanangu. Ndege ya pili iko wapi? Nimeambiwa nikishuka kwenye ndogo nipande kubwa." Alivuta pumzi. "Mwanangu anazikwa leo saa kumi. Kifungua mimba wangu. Wamesema nikiwahi hiyo ya mchana watanisubiri nimwone uso."

Shubiri alizungukia nyuma ya kiti. Aliupachika mfuko begani. "Jishike pembeni, mama. Tunakwenda mbio."

Kwanza alikwenda mlangoni. Mlango ule ulikuwa na kidirisha cha kioo, na mlango wa mwisho wa kijia vilevile, kwa hiyo juu ya mazulia yaliyokunjwa Shubiri aliweza kuona ukumbi wa kuondokea, na nje yake ndege kubwa, ngazi imesimama, watu wakipanda mmojammoja na mizigo yao ya mkononi. Ungeweza kumtambua mtu kwa shati lake.

"Ufunguo!" alimpigia kelele mlinzi.

"Anao bosi."

"Yuko wapi?"

"Chumba cha wageni. Ana mgeni." Mlinzi alibonyeza simu, akaiweka sikioni, akaitoa. "Hapokei."

"Nenda ukamgongee!"

"Mimi? Nina watoto, dada."

Shubiri alipiga teke mlango, likaumia dole gumba, wala hakulisikia mpaka jioni. Akakigeuza kiti. Walitoka nje kwenye jua, wakapinda kona ya jengo, wakapita kati ya magari, wakaingia kwenye kokoto. Hapo magurudumu ya mbele yakazama. Aliinua kiti na mtu wake kwa nyuma, akakivuta kinyumenyume, bibi akisema, "Niache nitembee," naye akijibu, "Mama, ukitembea tutafika mwaka ujao." Dereva mmoja wa teksi aliacha gazeti lake akashika upande wa mbele, wakavuka.

Kwenye foleni Shubiri hakuomba. Alipita. "Msiba! Msiba! Pisha!" Watu wakapisha, mmoja akanung'unika, akaambiwa na mwenzake anyamaze. Mkaguzi akamvua bibi viatu. Mkaguzi akampitisha kwenye fremu na mashine ikalia.

"Arudi nyuma apite tena."

"Kiti ni cha chuma!" Shubiri alifoka. "Hata ukimpitisha mpaka kiama kitalia tu!"

Alimpitisha tena. Ikalia tena. Ndipo akamkagua kwa mkono, polepole, kama anayetafuta sindano.

Walipofika kaunta, binti aliyekaa pale alikuwa anakusanya vipande vya kadi. Alimwona Shubiri akabadilika uso. Alikuwa binti mzuri, mwoga, aliyeajiriwa karibuni.

"Dada, tumefunga."

"Mmefunga nini? Ngazi si ile pale?"

"Mfumo umefunga. Siwezi kumwingiza."

"Anakwenda kuzika mtoto wake leo."

Macho ya binti yalijaa machozi. "Siwezi, dada. Kweli siwezi."

Na wakati huohuo mlango wa chumba cha wageni ukafunguka. Akatoka Bwana Utaratibu, na pembeni yake mwanamume mnene mwenye miwani, simu sikioni, meno yakiwa bado na kijiti. Walikuja taratibu, wakicheka jambo lao. Binti wa kaunta akasimama akafungua kigeti. Mwanamume akapita, akatembea kwa raha zake mpaka kwenye ngazi, akapanda.

Shubiri aliona giza. "Na huyo? Mfumo umemfungulia nani?"

"Huyo aliingia mapema," Bwana Utaratibu alisema.

"Aliingia wapi? Kwenye chai yako?"

"Punguza sauti. Kuna abiria."

"Na huyu niliyemshika ni mzigo? Bosi, piga simu moja tu. Ngazi bado ipo! Mama huyu anataka kumwona mwanawe kabla hajafukiwa!"

Meneja alimtazama bibi kwa nukta moja, kisha akatazama saa yake. Shubiri alikuja kusema baadaye kwamba lau angetukana ingekuwa afadhali. "Pole sana, mama," alisema. "Lakini utaratibu ni utaratibu."

Kilichofuata watu wa pale wanakisimulia mpaka leo, na kila mmoja anaongeza chumvi yake. Ukweli ni huu. Kando ya kaunta palikuwa na geti la mikokoteni ya mizigo, nalo lilikuwa wazi. Shubiri alikigeuza kiti akapita nacho, akaingia kwenye lami ya ndege akikimbia, na sauti yake ikashindana na injini: "Simamisheni! Simamisheni, mama wa marehemu yuko hapa!" Mwongoza ndege, aliyekuwa na vibao viwili mikononi, alishtuka akavipandisha vyote juu. Wapakia mizigo wakaacha mizigo. Ngazi ilikuwa ndiyo kwanza inavutwa. Rubani aligeuza kichwa kwenye dirisha lake dogo, akawaona, Shubiri anaapa kwamba aliwaona, akasema kitu redioni, akasikiliza. Halafu akaangalia mbele.

Walinzi wawili walimkamata Shubiri mikono. Ndege ikajigeuza pale pale, na upepo wake wa moto ukakivua kile kitambaa cheusi kichwani mwa bibi, ukakipeperusha mpaka kwenye uzio. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe na zimesukwa vizuri. Mtu alikuwa amemtengeneza kwa ajili ya safari. Shubiri alijitupa kushoto na kulia, hakuachiwa hata akamwokotee.

Bibi hakulia. Alisubiri kelele zipungue, akauliza, "Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile, mama."

"Kumbe ilikuwa karibu hivi."

Ndege iliyofuata ilikuwa ya kesho. Shubiri hakumwacha kwenye viti vya plastiki. Alimpeleka nyumbani kwake. Mumewe aliwapokea, akapangusa kochi, akaleta maji, akakaa mlangoni bila kujua mikono aiweke wapi. Kule mji mkuu ndugu walijaribu kusogeza saa wakashindwa. Watu walikuwa wameshatoka hospitali na mwili. Saa kumi mkwe wa bibi alipiga simu. Bibi aliilaza mapajani, sauti imefunguliwa. Walisikia watu wakiimba, upepo ukigonga simu, mtu akisema sogea kidogo. Halafu wakasikia mchanga. Wa kwanza ulianguka juu ya mbao kwa mshindo, wa pili vilevile, kisha mshindo ukapotea, ikabaki sauti ya koleo tu.

Bibi alizima simu mwenyewe.

"Pole, mama," Shubiri alisema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kufoka mchana kutwa.

"Usinipe pole. Za leo zimenitosha. Hata yule mwenye tai kanipa." Alijifunga upya kitambaa ambacho dereva wa teksi alikuwa amekiokota. "Kesho, kabla sijapanda, nionyeshe mwenye ufunguo."

Asubuhi Shubiri alimsukuma mpaka ofisini bila kugonga. Bwana Utaratibu alisimama, akavaa koti, akaagiza soda. Bibi hakuigusa.

"Nimekuja kuuona mlango," alisema. "Ufungue."

"Mama, ule kwa sasa..."

"Ufungue, baba. Sijaja kugombana. Nimeshazika."

Sijui ni nini kilimfanya atii. Labda walikuwa wafanyakazi waliosimama kwenye korido wakitazama. Alitoa ufunguo mfukoni, wala haukuwa mbali, ulikuwa kwenye kishikizo kimoja na wa gari lake. Akafungua kufuli. Wapakia mizigo wawili wakasogeza mazulia ukutani bila kuamrishwa na mtu. Shubiri akasukuma. Magurudumu yalipita sakafuni yakateleza, na kabla bibi hajamaliza kukohoa vumbi la mazulia alikuwa upande wa pili, mbele ya kioo, na ndege nje.

Aligeuza shingo. "Ndicho kijia hiki tu?"

Bwana Utaratibu alirekebisha tai yake.

"Nakuuliza, baba. Jana ulikuwa unakizuia hiki tu?"

"Mama, elewa, kuna utaratibu wa..."

"Huo utaratibu," bibi alisema, "una mama?"

Akamwambia Shubiri waende, wasije wakaachwa tena, akapanda ndege akaenda kuliona kaburi. Jioni hiyohiyo Shubiri alisimamishwa kazi.

Kikao cha nidhamu kilifanyika kwenye chumba chenye feni inayokwaruza. Walikaa watu wanne mbele yake, meneja pembeni. Walimsomea makosa: kuingia eneo la ndege, kuhatarisha usalama, lugha chafu. Yote alikiri, isipokuwa la lugha, akasema kama wanataka chafu kweli angewaonyesha. Mwenyekiti, mzee mpole kidogo, alimtupia kamba ya kujiokoa.

"Dada yangu, unajuta?"

"Najuta."

Nyuso zililegea. Kalamu zikashikwa.

"Najuta niliuzunguka ule mlango. Ningeuvunja tangu mwanzo, mama angewahi."

Akafukuzwa. Alivua kizibao chake cha njano akakiweka juu ya meza ya meneja, juu ya sahani ya biskuti kabisa.

Nyumbani alikaa siku kadhaa akigombana na sufuria. Mumewe aliposema hasira hasara, alimjibu kwa jicho. Mwisho yule bwana mpole aliweka chini kikombe chake na kusema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Mke wangu, unakumbuka watu wa zimamoto walivyoifunga karakana yangu? Kwa sababu niliegemeza mabati kwenye mlango wa nyuma?"

"Nakumbuka. Ulilia."

"Sikulia, moshi uliniingia. Ninachosema ni hiki: mimi na mafundi wangu wachache tulifungiwa kwa mabati. Na pale ukumbini watu wanajaa, mlango una kufuli na mazulia nyuma yake. Siku ukitokea moto?" Uso wake ulikuwa umewiva. Shubiri aligundua kwamba mumewe alikuwa na hasira, hasira ya kweli, na kwamba pengine alikuwa nayo tangu alipousikia mchanga ule kwenye simu. "Vaa viatu. Twende wote."

Ofisa wa zimamoto alikuwa mama mmoja mnene mwenye kuongea kwa kituo. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: "Kufuli liko upande gani?" Walipomjibu alichukua kofia yake. Alichosema ndani ya ofisi ya meneja hakikusikika, maana hakuinua sauti. Ila alipotoka alisimama chini ya kile kibao, akahakikisha kufuli limeondolewa na zulia la mwisho limebebwa, na akaahidi kurudi bila taarifa.

Hapo ungedhani Shubiri angepumua. Ngoja. Wiki iliyofuata binti wa kaunta alimpigia simu akinong'ona: Bwana Utaratibu anafanya sherehe. Kaalika watu. Kaweka utepe mlangoni.

Shubiri alikwenda akiwa amevaa gauni lake zuri. Alisimama nyuma ya watu wote. Meneja alikuwa na mkasi mkononi, anazungumzia juhudi zake za siku nyingi za kumjali msafiri, jinsi alivyoliona tatizo na kulivalia njuga. Akakata utepe. "Sasa naomba makofi," akasema.

"Usiombe makofi!" sauti ilitoka nyuma, ile ile waliyozoea wote. "Waambie kwanza kuhusu mama aliyemzika mwanawe kwa simu! Waambie ufunguo ulikuwa mfukoni mwako, wewe unakunywa chai!"

Makofi mawili yaliyokuwa yameanza yakafa. Meneja akamwashiria mlinzi amtoe. Mlinzi, mmoja wa wale wawili waliomshika siku ile kwenye lami, alitazama dari muda mrefu, kana kwamba ameona buibui wa ajabu. Hakusogea. Shubiri akatoka mwenyewe, kichwa juu, na wapakia mizigo wakampisha kabla hajawaambia.

Kazi yake ya zamani hakurudishiwa, na meneja hakufanywa kitu. Baada ya muda alihamishiwa kiwanja kikubwa zaidi. Mambo ndivyo yalivyo, na Shubiri akilitaja hilo mishipa ya shingo humsimama. Marubani wa ndege ndogo za bara ndio waliomtafuta. Walichoka kuwaacha watu wao chini na kuondoka bila kujua kama wamefika, wakamwajiri awe wa kwao: awapokee kwenye ngazi, awavushe, awakalishe kwenye ndege ya pili kwa mkono wake.

Kuna wanaomsifu wakisema hasira yake imezaa matunda. Hapo ndipo huwaka. "Matunda gani?" husema. "Mlango ulikuwepo. Ulijengwa, ukalipiwa, ukaandikwa na maneno. Nani kanizawadia nini?"

Siku alipoanza kazi hiyo mpya alimpigia bibi simu, akamweleza kwamba mlango sasa uko wazi na watu wanapita.

"Vizuri, mwanangu," bibi alisema. "Wapite. Lakini usinitake nifurahi."

"Sikutaki ufurahi, mama. Hata mimi sijafurahi."

"Basi tuko pamoja." Bibi akakohoa. Kisha akamuuliza kama lile dole gumba limepona, akamweleza kuhusu magoti yake na dawa mpya isiyosaidia lolote, wakamsema daktari vizuri, wote wawili, mpaka ndege ya bara ilipoonekana juu ya mapaa ikishuka na Shubiri akasema kwaheri mama, watu wangu hao wanakuja.